Rangi ya Moyo wa Kabichi

Juzi alinijia fundi rangi mmoja, kijana wa hapa hapa Morogoro mjini, kofia kaigeuza nyuma, kwapani kabana kitabu chenye vipande vya rangi. Aliniamkia vizuri, nikaitikia marahaba. Kisha akautazama ukuta wa sebule yangu, akatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa, akasema tuupige nyeupe, bibi, rangi hii imepitwa na wakati. Nikamwambia aitafute kwenye kitabu chake. Akapekua weee, mwishowe akaipata: si kijani, si njano, imepauka katikati ya hizo mbili, na chini yake jina la Kizungu refu lililomshinda hata yeye kulisoma. Chai nilimpa, lakini ukuta sikumpa.

Sasa nyie mnaojifunza kazi hii, nisikilizeni kabla sijachoka. Mnadhani rangi inazaliwa ndani ya kopo. Wakati wetu, kabla ya Uhuru, rangi ya kopo ilikuwa ya nyumba za wakubwa kule juu, penye upepo. Nyumba zetu tulizipaka chokaa, na ukitaka rangi uichanganye mwenyewe kwenye pipa. Mimi rangi yangu hii niliichanganya nikiwa msichana, na ilikaribia kunitoa kwenye kazi kabla sijaingia.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, Mkude, ndugu yake mama. Alikuwa fundi chokaa aliyejulikana kuanzia kwetu Mgeta mpaka huku mjini, mtu mwembamba, mkimya, mwenye kucha nyeupe siku zote. Sisi Waluguru, mjue, mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo huo tunauita lukolo. Shamba la mjomba haliendi kwa mwanawe, linakwenda kwa mtoto wa dada yake. Mjomba alisema na kazi ni vivyo hivyo: chokaa yake ingerithiwa na mtoto wa dada. Wazee wakaitikia. Walichosahau ni kwamba mtoto wa dada aliyekuwa anamfuata na ndoo kila siku ni mimi, Monika, nina gauni na nywele za kusuka.

Alikuwapo mwingine, kaka yangu Gaspari, mtoto wa mama mkubwa. Gaspari alikuwa na kazi safi ya stesheni, kola nyeupe, na chokaa alikuwa hajaigusa hata kwa kidole. Lakini alikuwa mwanamume. Basi kila ukoo ulipokaa, maneno yalikuwa yale yale: brashi ya Mkude aichukue Gaspari, atatafuta vibarua wa kumfanyia. Mwanamke hapandi ngazi. Wakaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimepanda ngazi mpaka uzeeni, wanangu, na guu langu hili hapa, njooni mlishike. Chini ya gauni nilikuwa navaa kaptula ya mjomba niliyoifunga kwa kamba ya katani, na aliyetaka kuchungulia alichungulia kaptula.

Hiyo brashi wanayoitaja haikuwa brashi tu. Sisi wanafunzi tulipakia katani, kile kishungi cha mkonge unachokiponda ncha mpaka kinalainika. Ni kizuri, msikidharau. Lakini mjomba alikuwa na brashi moja ya dukani, pana, ya nywele za nguruwe, mpini wake umelika mahali pa dole gumba. Hakuna mtu mwingine aliyeishika. Aliyeishika ndiye fundi, na wateja wote wangemfuata yeye. Hicho ndicho nilichokitaka, sina haya kusema. Sikutaka kumsaidia fundi, nilitaka kuwa fundi.

Msidhani nilianza vizuri. Kosa langu la kwanza lilikuwa ukuta wa jiko la mwalimu mmoja wa misheni kule Mgeta. Mjomba alinituma nitangulie, nami kwa kiherehere nikapaka saa sita mchana, jua kali, ukuta umekauka kama mfupa. Ukawa mweupe unang'aa, nikajisifu. Wiki ile ile ikanyesha mvua, na uani kwa mwalimu yakapita maji meupe, utasema mtu kamwaga tui. Mjomba hakunigombeza. Alichukua kopo la maji akaumwagia ukuta, akaniambia nisikilize. Ukuta ulifyonza, nikausikia kabisa. Akaniambia:

"Ukuta wenye kiu hunywa maji ya chokaa na kuacha unga. Mnyweshe kwanza, ndipo umvalishe."

Lishikeni hilo. Lowesha ukuta, paka asubuhi au jioni, kanzu tatu nyembamba, ndivyo tunavyoita mipako, badala ya moja nzito, na kila kanzu iache ikomae huku unairushia maji. Weka chumvi kidogo kwenye pipa. Chuja kwa kipande cha kaniki. Mikono paka mafuta ya nazi, na macho, jamani, macho yachungeni.

Kosa la pili bado linanichekesha mwenyewe. Tulikuwa tunapaka sebule ya mwalimu yule yule, naye alitaka njano. Mjomba akanituma mjini kwa lori la mboga: kalete manjano. Alikuwa na maana ya ule unga wa udongo unaouzwa kwa Mhindi wa vyuma, ila yeye aliuita manjano tu, kama tunavyoiita rangi yenyewe. Mimi nikaenda kwa Mhindi wa viungo. Nikarudi na mfuko mzima wa manjano ya mchuzi, nikaumwaga kwenye pipa la chokaa nikakoroga. Loo! Lilibadilika mbele ya macho yangu, likawa jekundu kama mahali palipochinjwa mbuzi. Nilipiga ishara ya msalaba. Mjomba akaja, akanusa, akaniuliza mbona ukuta nimeupikia pilau na wali sijaweka.

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, na nilikuwa na hasira naye, maana neno lilikuwa lake. Lakini siku hiyo nilijifunza jambo ambalo hata wasomi wengi hawalijui: rangi iliyotoka kwenye mmea haikai na chokaa, chokaa inaila au inaigeuza. Rangi ya kukaa na chokaa itoke ardhini. Nendeni na hilo pia.

Baadaye chokaa ikamwingia mjomba jicho la kulia, na la kushoto nalo likaanza ukungu. Ngazi ikamshinda. Ukoo ukakaa tena, safari hii kwa haraka, na Gaspari akaja na kola yake. Mjomba alisikiliza wote, kisha akasema hatampa brashi mtu kwa sababu ya suruali. Akatoa sharti. Nipake ukuta wa nje wa rangi, peke yangu, usimame masika nzima. Baada ya masika angekuja mwenyewe kuuwekea kiganja. Kiganja kikitoka safi, brashi yangu. Kikitoka na unga, au ukuta wenyewe usiwepo wa kuwekea kiganja, brashi ya Gaspari, na mimi nirudi nikalime kabichi. Wakakubali wote, kwa kuwa waliamini nitashindwa.

Ukuta nikaupata kwa Bi Zuhura. Huyu alikuwa mama wa mjini, Mwislamu, mjane, mfanyabiashara wa mboga. Alikuwa na kijumba chake mwenyewe mtaa wa chini ya reli, cha udongo na bati, na baraza inayotazama njia. Alikuja Mgeta kuchukua kabichi, akatukuta tunafunga matenga. Nikampasulia moja aone ilivyojaa. Yeye akaitazama ile kabichi muda mrefu, mpaka nikadhani ameona funza. Kumbe la. Akaweka kidole pale katikati, palipo karibu na moyo, ambapo majani hayajapata kuona jua, akauliza kama naweza kumpakia baraza rangi ile. Si ya jani la nje, alisema, ile ni ya kila mtu. Alitaka hii ya ndani, ambayo huioni mpaka uwe umeinunua.

Nikamwambia naweza. Uongo mtupu, nilikuwa sijui hata pa kuanzia.

Nilihangaika. Udongo wa njano niliujua, uko pale njia ya miguu inapokata kilima, tulikuwa tunakandikia nyumba. Kijani ndicho kilichonitesa. Majani nilikwisha jua hayafai. Mwishowe nikamwona mzee mmoja ananyunyizia kahawa yake mrututu, zile chembe za buluu zinazofanana na mawe ya chumvi, dawa ya magonjwa ya mimea, uliochanganywa na chokaa, na majani yote ya mkahawa yamebaki na madoadoa ya buluu iliyopauka. Nikasimama pale pale. Buluu ile ilikuwa imekaa na chokaa na mvua ilikuwa imeshainyeshea. Nikamwomba kiganja kimoja. Udongo wa njano, chokaa nyingi, mrututu kidogo ulioyeyushwa pembeni. Nikashuka navyo mjini, nikalala kwa Bi Zuhura. Pipa la kwanza lilitoka rangi ya kuvu, la pili rangi ya maji ya dimbwi. Na tena rangi mbichi ni mwongo: ikiwa na maji ni nzito, ikikauka inakimbia. Kila jioni nilipaka kipande nyuma ya choo cha Bi Zuhura, kila asubuhi nikaja na jani la kabichi kulinganisha. Majirani wakasema binti wa milimani amerogwa. Asubuhi moja nikabandika jani ukutani likapotea. Nikamwita Bi Zuhura, naye akanishika mkono.

Nilipaka baraza yote, kanzu tatu, ukuta umelowa kila mara. Nilipokuwa kwenye ngazi namalizia juu ya mlango ndipo bwana afya alipopita na tarishi wake. Alikuwa Mzungu, anakagua madimbwi na vyoo. Akasimama. Akasema mtaa huu ni wa chokaa nyeupe, nyumba zote, ndiyo amri, wenyeji wakae safi. Rangi hii iondoke kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mwenye nyumba ataitwa bomani na kiwanja kitaangaliwa upya.

Sikilizeni. Miezi mitatu nyuma, kabla ngazi haijamshinda, mimi na mjomba tulikuwa tumepaka nyumba ya bwana huyo huyo, kule juu. Chumba cha mke wake tulikipaka kwa rangi ya kopo iliyotoka ng'ambo, njano ya kijani iliyopauka, ndugu kabisa wa hii. Damu ilinichemka. Bi Zuhura alikuwa ananikonyeza ninyamaze. Sikunyamaza, nikasema kutoka juu ya ngazi:

"Bwana, chumba cha mama wa kwako nilikipaka mimi, rangi hii hii. Mbona kule ni safi?"

Tarishi aliangalia viatu vyake. Bwana afya aliwaka uso mpaka shingoni, akasema kule ni kule na hapa ni hapa. Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka.

Ile siku nililia kwa hasira, siwafichi. Si kwa ajili ya rangi peke yake. Ukuta ukipigwa nyeupe, mjomba atakuja kuweka kiganja wapi? Habari zilifika Mgeta kabla yangu. Gaspari alisema mbele ya watu kwamba mambo yamekwisha, hata serikali imemkataa. Nikitii, brashi imekwenda. Nisipotii, Bi Zuhura anapoteza kiwanja alichokipigania miaka na miaka. Yeye mwenyewe aliniambia nisitii, tutajua mbele ya safari. Nikamwambia mama, hapana, amri ni amri, tutapaka nyeupe. Alinitazama kwa kunidharau, nikamwacha anidharau siku chache.

Kwanza nilitumia siku zote tulizopewa, sikupunguza hata moja. Kila asubuhi na kila jioni niliurushia ule ukuta maji, niukomaze, uwe mgumu kama jiwe. Siku ya mwisho ya mwezi nikauacha bila tone. Nikangoja saa sita mchana, jua la Morogoro mnalijua, ukuta unauma mkono. Nikachanganya chokaa nyepesi isiyo na chumvi. Vumbi la njia sikulipangusa. Nikapaka kanzu moja, upesi upesi, huku naimba. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kigoda na uso wa matanga. Nikashuka, nikamnong'oneza kwamba ukuta wenye kiu hunywa maji ya chokaa na kuacha unga. Ilimchukua muda. Alipoelewa alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na aliyepita njiani alidhani anaulilia ukuta wake.

Jioni bwana afya akaja, akaona weupe unang'aa, akatia alama kwenye daftari. Alitusifu, maskini.

Masika ikaingia. Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, haikufanya kitu, na moyo ukaniruka. Ya pili ikashuka kutoka Uluguru na upepo wake, ikaupiga ule ukuta ubavuni mchana kutwa. Tulikaa mlangoni na Bi Zuhura tukitazama tui linavyoshuka barazani kuingia mtaroni. Nyeupe iliondoka kwa michirizi, kisha kwa mapande. Na nyuma yake, yenyewe, imeoga, ikatokea rangi ya moyo wa kabichi.

Bwana afya alirudi, ndiyo. Bi Zuhura akamwambia kwa adabu zote kwamba tulipaka, bwana, ulijionea na ukaandika, mvua ni ya Mungu. Akaamuru tupake tena. Tukapaka tena, saa sita mchana. Masika ya mwaka uliofuata ikafanya kazi yake. Mwaka wa tatu alihamishwa, na aliyekuja baada yake alikuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Lakini hayo ni ya baadaye, nirudi kwenye masika ile ya kwanza.

Ilipokwisha, mjomba akashuka na lori la mboga, Gaspari amemshika mkono kwa sababu ya macho. Gaspari alikuwa amemweleza njia nzima kwamba anakwenda kuangalia ukuta mweupe. Walipofika barazani Gaspari akasimama ghafla. Nilimwamkia mjomba, akaniitikia, akaomba aongozwe ukutani. Alisogeza uso karibu, karibu kabisa, jicho lile la kushoto likiwa bado linaona kidogo. Akauliza hii ni rangi gani. Bi Zuhura akamjibu ni ya kabichi ya kwenu. Mjomba akaweka kiganja, akakandamiza, akakivuta chini urefu wa mkono mzima. Akakiinua. Kilikuwa safi. Akampa Gaspari akitazame kwa macho yake mazima, na Gaspari akasema ni safi, mjomba.

Basi nikadhani yamekwisha. Kumbe mjomba alikuwa ameinama, anapapasa chini ya ukuta kwenye mtaro, akainuka na kidole cheupe.

"Hii nyeupe alipaka nani?"

"Mimi, mjomba."

"Hukuulowesha ukuta."

"Sikuulowesha."

"Ukapaka jua la utosi."

"La utosi."

Akakisugua kidole kile kwa dole gumba. Katika maisha yake yote mjomba hakuwahi kupaka ukuta vibaya, hata wa banda la mbuzi, nami nilijua hivyo. Kisha akasema ni kazi mbaya kuliko zote alizowahi kuziona, na kwamba ameishi kuiona. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kitu kimefungwa kitambaa.

Hapo Bi Zuhura akainuka kutoka kwenye kigoda. Alijua ni nini, kila mtu mjini alijua brashi ile ni ya nywele gani, na mjomba mwenyewe hakuwahi kuingia nayo nyumba ya Mwislamu, huko alipakia katani. Akasema ametuvumilia mengi, bwana afya amemvumilia, ila mdudu huyo hafunguliwi barazani kwake. Tukapokezane huko njiani.

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikabidhiwa ufundi katikati ya njia, kwenye tope, watu wamesimama na matenga yao wanatazama, mjomba kipofu nusu amenyoosha mikono miwili na mimi nimeipokea kwa mikono miwili. Dole gumba langu likaingia pale pale mpini ulipolika. Gaspari alikuwa wa kwanza kuniita fundi, na kwa hilo nilimsamehe.

Nyumba ile ilibomolewa zamani, palijengwa duka. Rangi hii ya sebuleni kwangu niliipaka mwenyewe, kwa mchanganyiko ule ule, na nitakufa naitazama. Brashi ipo, imening'inia nyuma ya mlango, nywele zimebaki chache. Wapo wanaouliza nitamwachia nani. Kaka yenu mmoja ameshaniletea suruali yake, eti yeye ni mwanamume. Mimi sitauliza suruali wala gauni. Anayeitaka anipeleke kwenye ukuta wake baada ya masika, nitauwekea kiganja, kisha nitakitazama kiganja changu.